Hapa, Huku au Humu? Sayansi na Mahali pa Kuchoma Sindano katika Tiba ya Kichina

0. Utangulizi

Tiba ya Kichina ya kuchoma mwili kwa sindano nyembamba, ambayo sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa twaijua zaidi kwa jina la akupunktura, imekwisha kuenea katika nchi nyingi za dunia. Wanaoitumia hufundisha kwamba mwilini mwa binadamu mna mahali zaidi ya mia tatu panapofaa kuchomwa, kila mahali pakiwa na jina lake na kazi yake. Tangu katikati ya karne ya 20, wataalamu wa fizikia, wa anatomia na wa neva wamekuwa wakiuliza swali moja: je, mahali hapo pana sifa yoyote inayopimika ambayo ngozi ya jirani haina?

Msomaji anaweza kushangaa kuona swali la namna hiyo katika jarida la taaluma za Kiswahili. Zipo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtafsiri atakayetakiwa kueleza tiba hii kwa Kiswahili lazima achague neno, na neno atakalolichagua litakuwa limekwisha kudai jambo fulani kuhusu mwili kabla mgonjwa hajaguswa. Ya pili ni kwamba sarufi yetu inatupa chombo cha kulipanga swali lenyewe. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ngeli za mahali ni tatu: PA- huonyesha mahali mahususi, KU- huonyesha upande au eneo lisilo na mipaka dhahiri, na MU- huonyesha undani. Hata usemi wa kila siku wa Lubumbashi, uliopoteza upatanisho mwingi wa Kiswahili sanifu, umezihifadhi mofu hizo: watu husema «ku kazi» na «mu nyumba» bila kuchanganya. Basi twaweza kuuliza: sindano ya Mchina huchomwa hapa, huku, au humu?

Makala haya yatapitia historia ya neno, kisha vipimo vya umeme, vya anatomia na vya neva, na mwishowe majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa. Tunakusudia kuonyesha kwamba tafsiri ya Kizungu ilidai «hapa», lakini ushahidi uliopatikana mpaka sasa unaelekea zaidi «huku» na «humu».

1. Neno na historia yake

Neno akupunktura si la Kichina. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kilatini: acus, yaani sindano, na punctura, yaani mchomo. Lilijulikana Ulaya kwa kitabu cha Willem ten Rhijne, tabibu Mholanzi aliyekuwa amehudumu Japani chini ya kampuni ya biashara ya Waholanzi; kitabu hicho kilichapwa London mwaka 1683. Wachina wenyewe husema zhenjiu, neno linalotaja mambo mawili pamoja, yaani sindano na uchomaji wa majani makavu juu ya ngozi au karibu nayo.

Kile ambacho Wafaransa hukiita point, Wachina hukiita xue. Maana ya kawaida ya xue ni pango, shimo au tundu. Tofauti hiyo si ndogo. Nukta ya wanajiometri haina upana wala kina. Ni alama tu juu ya uso wa kitu. Tundu lina mdomo, lina kina, na lina kitu ndani yake. Majina mengi ya mahali hapo yanafuata picha hiyo ya ardhi na maji: Hegu, kati ya kidole gumba na cha shahada, ni «mabonde yakutanayo», Quchi, kwenye kiwiko, ni «bwawa la kona», Yongquan, chini ya wayo, ni «chemchemi ibubujikayo». Aliyeyatunga majina hayo aliuona mwili kama nchi yenye mabonde na mito, wala si kama karatasi yenye nukta.

Neno la pili lililopata mabadiliko ni jing, linalotaja njia zinazoaminiwa kuunganisha mahali hapo. Maana yake ya asili yahusu ufumaji: ni nyuzi za mtande, zile zinazovutwa kwa urefu kabla mshindio haujapitishwa. George Soulié de Morant, aliyekuwa mtumishi wa ubalozi mdogo wa Ufaransa nchini China, na ambaye alianza kuchapisha kitabu chake kikubwa cha akupunktura mwaka 1939, ndiye aliyelieneza neno méridien kwa maana hiyo. Mistari ya meridiani, kama tujuavyo, ni ya wachora ramani. Haichimbwi ardhini ikaonekana. Hata hivyo walitokea watafiti waliokwenda kuitafuta mwilini kwa darubini.

Historia yenyewe inatuonya kuhusu hesabu. Katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa mwaka 1973, yalipatikana maandishi juu ya hariri yanayoeleza njia 11 za mwili na matibabu ya kuzichoma kwa moto. Hayaorodheshi mahali pa kuchoma sindano. Katika karne ya 3 baada ya Kristo, Huangfu Mi aliorodhesha majina 349. Mwaka 1026 Wang Weiyi, tabibu wa serikali ya ukoo wa Song, alifikisha 354, kisha zikasubuiwa sanamu mbili za shaba zenye matundu. Inasimuliwa kwamba sanamu hizo zilipakwa nta na kujazwa maji, na mwanafunzi aliyetahiniwa alifaulu ikiwa maji yalitoka alipochoma. Leo orodha rasmi ina mahali 361. Kwa hiyo njia zilitangulia, mahali pakafuata, na idadi ikaongezeka kadiri vitabu vilivyoandikwa. Hilo peke yake halithibitishi kwamba mahali hapo hapana kitu. Lakini linaonyesha kwamba orodha ni kazi ya mapokeo, si matokeo ya upimaji.

2. Mahali panatafutwaje?

Tabibu hupatafuta mahali pa kuchoma kwa alama za mwili, kama vile mifupa, kano na mikunjo ya ngozi, na kwa kipimo kiitwacho cun. Kipimo hicho hakitakuwa kigeni kwa anayekumbuka wanda, shibiri na dhiraa za wazee wetu. Cun moja ni upana wa kidole gumba kwenye kiungo chake. Cun tatu ni upana wa vidole vinne vilivyobanwa pamoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba kidole kinachotumika ni cha mgonjwa, si cha tabibu. Hivyo Zusanli, mahali mashuhuri pa mguuni, ni cun tatu chini ya goti na upana wa kidole kimoja kando ya ukingo wa mfupa wa muundi. Kwa mtoto na kwa mtu mzima umbali hutofautiana, lakini uwiano ni ule ule.

Kipimo hicho ni cha busara, ila hakiwezi kutoa usahihi wa milimita. Jambo hilo lilidhihirika wakati Shirika la Afya Duniani, kwa njia ya ofisi yake ya Pasifiki ya Magharibi, lilipowakutanisha wataalamu wa China, Japani na Korea ili wakubaliane mahali pa kila xue. Mwanzoni walihitilafiana kuhusu mahali 92 kati ya 361. Maafikiano yao yalichapishwa mwaka 2008, na hata hapo mahali 6 palibaki na maelezo mawili mawili. Ni dhahiri kwamba mwanafizikia anayetaka kupima sifa ya mahali fulani lazima kwanza aambiwe ni wapi. Na katika robo moja ya orodha, walimu wenyewe walikuwa hawajakubaliana.

3. «Hapa»: madai ya umeme wa ngozi

Dai linalosikika mara nyingi kuliko yote ni la umeme. Katika miaka ya 1950 Yoshio Nakatani huko Japani na Reinhold Voll huko Ujerumani, na baada yao Jacques Niboyet huko Ufaransa, walisema kwamba mahali pa kuchoma pana ukinzani mdogo wa umeme kuliko ngozi ya jirani. Katika mwaka 1975 Maria Reichmanis, Robert Becker na Andrew Marino walichapisha nchini Marekani vipimo vilivyoelekea kuunga mkono dai hilo. Kutokana nalo vilizaliwa vyombo vingi vinavyouzwa mpaka leo, vinavyolia au kuwaka taa vinapogusa ngozi, na muuzaji husema kwamba vimeipata «nukta».

Ili kulipima dai hilo yatupasa kujua kwanza jinsi ngozi inavyopitisha umeme. Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa na kukauka. Hilo ndilo linalozuia mkondo. Jasho likitoka, ukinzani hushuka. Ngozi ikikwaruzwa au ikisuguliwa, hushuka pia. Mpimaji akiikandamiza elektrodi kwa nguvu zaidi, eneo linalogusana na chuma hupanuka, na ukinzani hushuka tena. Hata kupima mara kwa mara mahali pale pale hubadilisha jibu. Sasa tumfikirie mpimaji anayejua mapema mahali pa Hegu ni wapi: mkono wake, pasipo yeye kukusudia, utatulia hapo zaidi na kukandamiza zaidi, na chombo kitalia. Hajadanganya, amepima matarajio yake mwenyewe.

Ndiyo maana kipimo cha haki kina masharti matatu. Kwanza, mpimaji asijue mahali palipoandikwa vitabuni. Pili, elektrodi ziwe nyingi, zikae juu ya ngozi kwa mkandamizo mmoja, zipime eneo zima kwa wakati mmoja. Tatu, matokeo yarudiwe siku nyingine na kwa watu wengine. Mwaka 2008 Andrew Ahn na wenzake walizikusanya tafiti 18 zilizostahili kulinganishwa. Tisa zilihusu mahali pa kuchoma; kati ya hizo, 5 ziliona tofauti ya umeme na 4 hazikuiona. Watungaji waliona kwamba ubora wa tafiti nyingi ulikuwa hafifu, na kwamba ushahidi hautoshi kuthibitisha kuwa mahali hapo panatofautishika kwa umeme. Tano kwa nne si uthibitisho. Lau sifa hiyo ingekuwa thabiti kama wauzaji wa vyombo wasemavyo, isingeyumba hivyo.

4. «Humu»: kutafuta ndani ya mwili

Watafiti wengine waliacha uso wa ngozi wakaingia ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kim Bong-han wa Korea ya Kaskazini alitangaza kwamba amegundua vijirija na vivimbe vidogo visivyojulikana, ambavyo kwa maoni yake ndivyo njia na mahali pa kuchoma. Habari ilivuma sana, lakini wengine waliojaribu kuviona hawakufaulu, na baada ya katikati ya muongo huo jina lake likatoweka katika machapisho. Kuanzia mwaka 2002, kikundi cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kikiongozwa na Soh Kwang-Sup kilirudia uchunguzi huo kwa mbinu mpya na kudai kwamba vijirija vipo. Hata hivyo havijaingia katika vitabu vya kawaida vya anatomia.

Kisa cha pili chafaa kufundishwa katika darasa lolote la mbinu za utafiti. Mwaka 1985 Pierre de Vernejoul na wenzake huko Paris walidunga teknetiamu yenye mnururisho katika mahali pa kuchoma, wakapiga picha, wakaona mstari ukipanda mguuni. Picha ilisambaa kama uthibitisho wa meridiani. Lakini mwaka 1988 watafiti wa Toulouse walidunga pia mahali pasipo xue, wakaona mstari wa namna hiyo hiyo: dawa ilikuwa ikichukuliwa na vena na mishipa ya limfu, kama dawa yoyote inavyofanya. Picha ya kwanza haikuwa ya uongo, ilikosa ulinganisho.

Kazi ya Helene Langevin katika Chuo Kikuu cha Vermont ilikwenda kwa utaratibu tofauti. Matabibu wa Kichina husema kwamba sindano ikizungushwa mwilini «hushikwa». Langevin na wenzake walipima kani inayohitajika kuing'oa kwa watu 60 wenye afya, na kutoa matokeo mwaka 2001. Iligunduliwa kwamba katika mahali pa kuchoma kani hiyo ilizidi kwa asilimia 18 kuliko katika mahali pa ulinganisho. Walakini, kuizungusha sindano upande mmoja kuliongeza kani kwa asilimia 167. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba nyuzi za tishu unganishi hujizungushia sindano kama uzi unavyojizungushia kijiti. Mwaka 2002 Langevin na Jason Yandow waliongeza kwamba katika mkono, takriban asilimia 80 ya mahali pa kuchoma paliangukia kwenye nafasi zilizo kati ya misuli au ndani yake.

Matokeo haya yanastahili kusomwa kwa makini. Yanaonyesha kwamba mapokeo ya Kichina, kwa kupapasa tu, yalielekea mara nyingi kwenye mabonde yaliyo kati ya misuli. Na bonde ndilo jina walilolitoa. Lakini bonde si nukta: ni mfereji mrefu, na mtu aweza kuingia ndani yake kwa upande wa juu au wa chini. Aidha, asilimia 167 dhidi ya 18 inatuambia kwamba kitendo cha mkono kilikuwa na uzito mkubwa zaidi kuliko mahali penyewe.

5. «Huku»: neva na eneo la mwili

Mchomo wa sindano huamsha neva. Hilo halina ubishi. Tangu miaka ya 1970, tafiti za Bruce Pomeranz na wengine zilionyesha kwamba kupungua kwa maumivu baada ya kuchomwa kwaweza kuzuiwa na naloksoni, dawa ipingayo afyuni. Ikadhaniwa, kwa sababu nzuri, kwamba mwili wenyewe hutoa endorfini. Lakini endorfini zaweza kutoka popote mtu achomwapo, na kwa hiyo zilikuwa hazijibu swali letu la mahali.

Jibu lililo karibu zaidi lilitoka mwaka 2021, katika jarida la Nature, kwa kikundi cha Qiufu Ma wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa kuchunguza panya, waliona kwamba mkondo hafifu wa umeme ukipitishwa kwenye sindano iliyochomwa Zusanli, mguuni, hupunguza uvimbe wa ndani kwa njia ya neva kuu iitwayo vagasi na tezi za adrenali. Mkondo ule ule ukipitishwa mahali fulani pa tumboni, haukuleta matokeo hayo. Sababu ilionekana: kuna aina ya neva inayofika kwenye utando wa ndani wa mguu, lakini haifiki kwenye utando wa tumbo. Hapa basi mahali panahusika kweli. Ila tuangalie ni mahali pa namna gani: si nukta ya milimita moja, bali ni sehemu ya kiungo inayofikiwa na neva za aina fulani, kwa kina fulani, kwa nguvu fulani ya mkondo. Tena ni panya; kwa binadamu bado inasubiri uthibitisho.

6. Ushahidi wa wagonjwa

Mgonjwa hajali nukta, anajali maumivu. Kwa hiyo majaribio ya Ujerumani yaitwayo GERAC yana uzito wa pekee. Katika lile la maumivu ya mgongo, lililochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1162 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilichomwa mahali palipotajwa vitabuni. La pili lilichomwa juujuu mahali pasipo xue. La tatu lilipewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, asilimia 44.2 katika la pili, na asilimia 27.4 katika la tatu.

Haitoshi kusoma nusu ya takwimu hizi. Anayeipenda tiba hii hulinganisha la kwanza na la tatu, akashangilia; anayeipinga hulinganisha la kwanza na la pili, akacheka. Zikisomwa zote, zinasema kwamba waliochomwa walipata nafuu kuliko wasiochomwa, lakini mahali pa kuchoma palichangia kidogo mno. Mkusanyo mkubwa uliofanywa na Andrew Vickers na wenzake mwaka 2018, wenye wagonjwa 20,827 kutoka majaribio 39, ulipata picha inayofanana: sindano ya kweli iliishinda sindano bandia, ila kwa tofauti ndogo kuliko ile iliyo kati ya kuchomwa na kutochomwa. Yawezekana sehemu ya nafuu hutoka katika mchomo wowote, na sehemu nyingine katika matumaini, mapumziko na mkono wa tabibu anayemsikiliza mgonjwa.

Lipo hata hivyo jambo moja ambamo mahali ni uhai na mauti. Sindano ikizidi kina kifuani hutoboa kifuko cha pafu. Na sindano isiyotakaswa hupeleka homa ya ini kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Ajali hizo zimeandikwa katika vitabu vya tiba. Anayefundishwa kutegemea chombo kinacholia, badala ya kujua kilicho chini ya ngozi, ni hatari kwa mgonjwa wake.

7. Hitimisho: istilahi

Turudi kwenye kazi yetu. Neno «sindano» lenyewe linahitaji uangalifu, maana «kupigwa sindano» kwa watu wetu ni kutiwa dawa, ilhali sindano ya akupunktura haina tundu wala dawa. Kwa sababu hiyo twapendekeza kitenzi «kuchoma», kisha mfasiri aeleze mara moja kwamba hapatiwi kitu mwilini.

Kuhusu point, twashauri neno «nukta» liachwe. Linadai usahihi ambao wataalamu wa nchi tatu hawakuweza kuuafiki kikamilifu, na linampa muuzaji wa vyombo hoja asiyostahili. «Tundu» laelekea Kichina zaidi, lakini msomaji ataelewa kwamba ngozi ina uwazi, jambo ambalo si kweli. «Mahali pa kuchoma» ni neno la staha: lasema kitu kinachofanyika, halisemi kitu kilichomo. Vivyo hivyo, «njia» yafaa kuliko «meridiani», mradi msomaji aelezwe kwamba ni njia za mapokeo, wala si mishipa iliyoonekana na wanaanatomia.

Sarufi italeta «pa» kwa sababu jina «mahali» laidai; hatuwezi kuiepuka. Basi mfasiri atakapoandika «hapa ndipo huchomwa», maelezo yake na yaongeze kwamba kwa ushahidi uliopo yafaa kusomwa «huku, kandokando ya bonde la misuli», na pengine «humu, kwenye utando na neva». Wanafunzi wa lisansi wanaotafuta somo la kazi ya mwisho wangeweza kuchunguza jinsi vijikaratasi vya matangazo ya tiba, vilivyoandikwa kwa Kiswahili katika miji yetu, vinavyozitumia ngeli hizo tatu. Hapo wataona ni mara ngapi «pa» hutumika kumhakikishia mgonjwa kile ambacho bado hakijapimwa.